Mshipi Unaoelea

Siku ya kuanua matanga ya baba, shangazi alikaa kwenye mkeka katikati ya ua, kisu cha jikoni kikiwa mapajani, akaanza kugawa vitu vya marehemu. Kwetu Kilolo kazi hiyo ni ya shangazi na hakuna wa kumbishia. Kanuni yake ni moja: kitu kizuri hakiendi kizima kwa mtu mmoja wakati wenzake wanatazama. Koti la suti alimpa baba mdogo, suruali ya suti hiyohiyo akampa mjomba. Mpaka leo hakuna aliyeivaa suti ile, lakini wote wawili walipewa.

Zikafika zana za baba za kuvulia. Kulikuwa na fimbo, mashine yake ya kuzungushia mshipi, mshipi wenyewe, na samaki wa mti aliyefungwa kwenye ncha. Huyo samaki baba alimchonga mwenyewe kwa kipande cha mwerezi, akamtia kidomo cha bati kimfanye azame kidogo anapovutwa, akampaka rangi ya kucha ya marehemu mama. Wekundu wa mbavuni mwake ulikuwa wekundu wa vidole vya mama siku za sikukuu. Mimi sikutaka kitu kingine chochote katika nyumba ile. Nyumba yenyewe wangeweza kuibeba.

Shangazi aliinua fimbo akamwelekea kaka yangu. "Hii na mashine yake na hicho kisamaki ni vya kwako, baba. Wewe ndiye dume." Kisha akauvuta mshipi wote kutoka kwenye mashine, akaukata karibu na samaki, akanitupia lile rundo. "Na wewe mama, chukua hizi nyuzi. Utafungia mizigo yako ukirudi Mbeya."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, maana ukinuna kwenye matanga utaambiwa umegombea mali.

Kaka yangu hakuwahi kuvua na baba hata siku moja. Alikuwa anasema bwawa lina mbu. Aliyekuwa anakwenda ni mimi, toka nikiwa darasa la tatu mpaka nilipopata kazi ya ualimu na kuhamia Mbalizi, kule Mbeya, na hata baada ya hapo kila likizo. Bwawa letu lilichimbwa na wazungu wa chai kabla hawajaondoka, wakaweka humo samaki wa kwao anayeitwa besi. Ni samaki wa kijani, mdomo mpana, na mkorofi. Hashambulii kwa njaa tu, hushambulia pia kwa hasira, kitu kikipita mbele yake bila adabu. Ndiyo maana anadanganyika na kipande cha mti.

Shida ya bwawa lile ni magugu. Yameota kutoka chini na kuishia kama urefu wa mkono mpaka kiwiko kabla ya kufika juu ya maji, na katikati yake kuna visiki vya miti iliyofunikwa na maji. Samaki wa mti lazima apite juu ya magugu, asiyaguse sana. Akizama zaidi ananasa. Na kinachoamua azame kiasi gani si kidomo chake peke yake, ni mshipi. Baba alinifundisha hilo kwa karai la maji. Alikuwa akinunua vipande vya mishipi kila aendako, ananiita uani, tunavidumbukiza. Kuna mshipi mgumu, unang'aa, ukiutia majini unakwenda chini polepole. Huo humvuta samaki pua chini, baba akautupa. Kuna wa kusukwa, mwembamba, una nguvu ya kuburuta ng'ombe. Huo unaelea, lakini wembamba wake unakata maji na kumwacha samaki azame atakavyo. Tena hauvutiki. Besi akigonga na wewe ukishtuka, unamng'oa ndoana mdomoni.

Akabaki na nailoni ya kawaida, nene kidogo. Inaelea, unene wake unamshikilia samaki juu, na ukiivuta inalegea kidogo kabla haijakaza. Tuliifunga kwenye nguzo za uzio, mimi huku yeye kule, tukaivuta tuone inalegea kiasi gani. "Mshipi mzuri unakupa nafasi ya kukosea," alisema. Ulikuwa ni mshipi huo shangazi alioniambia nifungie mizigo.

Pasaka tulikutana nyumbani. Nilikuwa nimeuosha ule mshipi, nikauzungusha vizuri kwenye kopo la maziwa, nikasafiri nao kutoka Mbalizi kwenye mkoba kama mtu aliyebeba dawa ya mgonjwa. Kaka alikuja kutoka Mlandege, Iringa mjini, anakouza spea za pikipiki, na mashine ya baba ilikuwa imejaa mshipi mpya wa kusukwa, kijani cha kuumiza macho.

"Kaka, huo utamzamisha," nilimwambia. "Tumia huu. Ndio wa baba."

"Dada, huo si uzi wa kushonea magunia?" Alicheka. "Mimi nimeangalia video. Huu haukatiki hata tuning'inie mimi na duka langu."

"Sisemi utakatika. Nasema utampeleka kwenye visiki."

"Sasa wewe mwalimu wa Kiswahili utanifundisha kuvua?"

Nilimwomba. Nataka lieleweke kwamba nilimwomba kweli, tukiwa tumesimama ukingoni mwa bwawa, mimi mkubwa wake kwa kuzaliwa. Nikamwambia basi, kama hataki mshipi, atumie samaki wa plastiki wa dukani, huyu wa mti tumwache nyumbani. Akasema ni wake, aligawiwa. Kwenye pete ya samaki kulikuwa bado na fundo la baba, lile alilolifunga mara ya mwisho alipokuwa na nguvu za kutembea. Kaka alilikata kwa meno akalitema kwenye nyasi. Halafu akafunga la kwake, fundo moja la kawaida, kama la kamba ya kiatu, kwenye uzi unaoteleza vile.

Alimrusha. Samaki akazama pua chini kama nilivyosema, akapita kwenye magugu, akanasa. Kaka akavuta kwa kiburi cha uzi usiokatika. Akavuta tena, amejipinda, fimbo imeinama. Kisha ikanyooka ghafla na yeye akakaa chini matopeni. Mshipi ulirudi mzima, hauna hata mkwaruzo. Kilichoteleza ni fundo. Aliununua kwa sababu haukatiki, na kweli haukukatika.

"Kenyewe kalikuwa kabovu," alisema, akijifuta matope.

Alirudi nyumbani kula. Mimi nilibaki nikipapasa nyasi nikitafuta lile fundo lililotemwa, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, na sikulipata. Nililia pale peke yangu, kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Kumbukumbu ya mwaka ilipofika, baada ya ibada tulikaa chini ya turubai na kaka akapewa kipaza sauti azungumze kwa niaba ya familia. Akasimulia kwamba alikwenda bwawani na samaki wa marehemu, akashikwa na besi mkubwa asiyewahi kuonekana, wakapambana, na yule besi akaondoka na samaki wa baba. "Nadhani mzee alikuja kukichukua kitu chake mwenyewe," alisema, sauti ikakatika vizuri. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchungaji akafuta macho. Shangazi alilia kabisa.

"Dada alikuwepo," kaka akaongeza. "Dada, hebu washuhudie."

Wakaniletea kipaza sauti. Nikakipokea.

"Besi ana meno madogo, lakini huyo wa kaka lazima alikuwa fundi," nilisema. "Alifungua fundo. Mshipi ulirudi mzima."

Watu wakacheka, wakidhani nanogesha. Kaka peke yake hakucheka. Aliinamia soda yake akaanza kuibandua karatasi ya chupa.

Baadaye shangazi alinifuata nyuma ya nyumba, penye masufuria.

"Mama, ulikuwa na haja gani ya kumwaibisha mwenzio mbele ya wageni? Ungemwachia hayo maneno yake. Mtoto wa watu amefiwa na baba."

"Na mimi shangazi, nimefiwa na nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua. Kisha akaninyooshea beseni lililojaa sahani.

"Anza na hizi," akasema. "Wageni wa Iringa bado hawajala."