Redio Isiyomaliza Wimbo

Nikiwa mtoto kule Kaloleni niliamini kabisa kwamba redio ndogo haiwezi kumaliza wimbo mrefu. Nilifunzwa na Otis, mtoto wa jirani, na Otis alikuwa darasa la nne. Kwangu huyo alikuwa profesa.

Juzi, nikichagua redio ya chumba changu cha Kayole, nilinusa plastiki mpya nikakumbuka mchana ule wa utotoni nilipoenda dukani na Mama kununua redio. Redio kubwa ilikuwa ikitetemesha vioo, spika zake kama milango ya kanisa. Mama aliipima kwa futi yake ya ushonaji, akatikisa kichwa, akaonyesha nyingine iliyotoshana na mkate. Nililia mpaka muuzaji akaziba masikio. Mama alipenda wimbo mmoja wa kwaya, mrefu kuliko mahubiri, na sasa hangesikia mwisho wake kamwe.

"Mama, chukua kubwa! Hii itakukatia wimbo wako!"

"Nani alikwambia?"

"Otis."

Alicheka, akainama, akanipangusa kamasi kwa leso yake.

"Wimbo ni uleule, baba. Ile kubwa nimeipima, na ingekaa pale unapolala wewe."