Simu ya Mama Niliyoifundisha Kiswahili

Kosa langu naliweka mbele kabisa, usije ukanihurumia bure: saa ya simu ya mama niliirudisha nyuma saa sita, kwa kidole changu mwenyewe, huku nacheka.

Mama ni mhudumu wa afya wa jamii hapa Ikolo. Anatembelea wajawazito na wenye vichanga, nyumba kwa nyumba, na kila akimaliza nyumba anajaza taarifa kwenye simu aliyopewa kazini. Simu ile ilimkera kwa jambo moja. Yeye akitoka saa mbili asubuhi, yenyewe inaandika nane.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza. "Saa nane mimi niko kwenye ugali, siyo njiani."

"Haijui Kiswahili, mama. Ilete niifundishe."

Nikazima ile sehemu ya saa kujipanga yenyewe, nikapunguza saa sita. Saa mbili ikasoma mbili. Mama akanishukuru, "Ndaga, mwanangu," akaenda kumwonyesha jirani. Mimi nikatembea wiki nzima kifua mbele, kama aliyevumbua umeme.

Wiki ya tatu, Jumatatu, programu ya taarifa ikagoma kufunguka. Maandishi mekundu yalisema simu inahitaji sasisho la usalama, na bila hilo taarifa hazijazwi. Chini yake: *Litasakinishwa saa 2:00 usiku, simu ikiwa kwenye chaji.* Kitufe cha kulianzisha papo hapo hakikuwepo. Simu ya kazi ile, mambo yake yanapangwa ofisini.

"Saa mbili usiku si leo hii tukimaliza kula?" mama akasema.

Tukaichomeka. Saa ikasoma 2:00, nje giza, chaji inaingia. Tukaikodolea macho kama watu wanaosubiri kuku atage. Ikafika 2:30. Mama akasema labda inaona aibu, tugeuke. Tukageuka. Wapi! Tukaiacha kwenye chaji mpaka asubuhi, mama akaichomoa, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, akaondoka. Mchana aliporudi, kioo kilikuwa kimeandika: *Sasisho limeshindikana. Simu haiko kwenye chaji.*

"Uongo huo!" mama akaiambia simu. "Umelala kwenye chaji usiku kucha kama mgonjwa kwenye dripu."

Jumanne nikasema ni nafasi imejaa. Nikafuta picha za harusi ambazo nusu yake ni vidole vya mama mbele ya kamera. Ikashindikana. Jumatano nikasema ni mtandao. Nikapanda juu ya kichanja cha kuanikia kokoa, simu nimeiinua kwa mkono mmoja, bibi wa jirani akauliza kama nimeokoka. Mtandao ulijaa mistari yote. Alhamisi mchana, maandishi yaleyale.

Jioni hiyo msimamizi wake alipiga kutoka Kyela mjini. Mama alimsikiliza kwa muda mrefu, akijibu "ndiyo" tu. Alipokata akaniambia bila kunitazama: msimamizi anakuja kesho. Simu isiyojaza taarifa anaichukua, anampa mtu mwingine, na nyumba zote za kutembelea zinahamia kwa huyo mtu.

"Yaani na kazi?"

"Kazi iko ndani ya simu."

Kisha akasimama juu ya kigoda, akateremsha boksi la ile simu kutoka juu ya kabati. Akalipangusa kwa kitenge, akaliweka mezani. Hilo boksi lilinitisha kuliko maandishi mekundu. Mama hakutania tena usiku ule, na nyumba ambayo mama hatanii siijui.

Ijumaa nilitoroka kipindi cha mwisho, nikapanda bodaboda, ile simu mfukoni, hadi kwa fundi simu mjini Kyela. Akaigeuza, akaibonyeza, akatikisa kichwa. Simu ya ofisi, haifunguliki ovyo. Halafu akaniuliza, "Nani amegusa mipangilio humu?"

"Hakuna mtu. Labda shetani."

"Basi shetani huyohuyo akutengenezee." Akanirudishia.

Nilikuwa nimeigusa mimi, lakini saa tu! Saa na usalama vinahusiana wapi? Nilijiambia hivyo toka Kyela mpaka Ikolo, na kila nilivyojiambia ndivyo nilivyozidi kutoamini.

Pikipiki ya msimamizi niliikuta uani. Nikamwamkia, nikaweka simu mezani, nikatoka nje nikajifanya nageuza kokoa karibu na dirisha. Alikuwa anasoma karatasi.

"Mama, kabla sijaichukua simu, nisaidie hapa. Hizi taarifa zako za wiki mbili. Mjamzito wa kwanza umemwona saa tisa usiku. Wa pili, saa kumi usiku. Hawa watu huwa unawaamsha?"

"Mimi? Natoka saa mbili asubuhi, baba."

"Simu inasema usiku. Huko juu watasema umejaza kitandani."

Mama alikuwa ameshika kona ya boksi. Anatembea kwenye matope mpaka viatu vinabaki nyuma, leo anaambiwa amejaza kitandani, na mimi nimeshika kokoa.

Hapo ndipo hesabu ilipojipanga kichwani mwangu yenyewe. Saa 2:00 usiku ya simu ni saa nane usiku yetu, watu wamelala. Na kwa kuwa niliirudisha saa sita, simu ilikuwa inaufikia usiku huo wakati sisi ni saa mbili asubuhi, mama yuko njiani, chaji iko ukutani. Kila siku ilijaribu kujisasisha ndani ya mfuko wa plastiki. Na ile jioni tuliyoikodolea macho, yenyewe ilidhani ni alasiri.

Ningeweza kuirekebisha kimyakimya. Lakini zile taarifa za saa tisa usiku zingebaki na jina la mama.

Nikaingia ndani. "Ni mimi. Niliifundisha Kiswahili."

Ilinibidi nieleze mara mbili. Msimamizi alinitazama, akaitazama saa ya mkononi kwake, akaitazama simu. Hakucheka. Akasema niandike barua ya maelezo, mama aisaini, na kwamba atarudi kesho asubuhi. Simu ikiwa bado, anaondoka nayo.

Nikarudisha saa ijipange yenyewe, nikaichomeka, nikaenda kulala nikiwa nimevaa sare.

Saa kumi na mbili asubuhi niliikuta inadai nenosiri, kama mtu aliyetoka safari. Maandishi mekundu hayakuwepo. Programu ikafunguka. Msimamizi alikuja, akaikagua, akachukua barua yangu peke yake.

Mama akalirudisha boksi juu ya kabati. Akaishika simu, akasoma: 8:00.

"Imesahau Kiswahili?"

"Imesahau, mama."

"Gwe mwanangu, chukua karatasi. Andika: ikisema nane, ni mbili. Ubandike hapa nyuma. Na chini yake uandike jina lako, wakiniuliza tena niwaonyeshe."