Kula Vizuri

Jumapili, tarehe 14 Oktoba 2018, mwanamke aliyevaa namba 61 aliongoza mbio za marathoni hadi kilomita ya thelathini, kisha akatoka barabarani. Matokeo rasmi yanasema hakumaliza. Hakuajiriwa amalize. Yeye ni sungura, mkimbiaji anayetangulia kuwawekea wengine kasi, na jina hilo limemganda hata nyumbani.

Mwaka uliofuata msuli wa paja ulianza kumvuta, akawa anakatika pumzi kabla ya kufika thelathini. Kocha hakufoka.

"Sungura akishikwa na wanaomfuata ni kitoweo," alisema, na kambi nzima ikaangua kicheko. Kisha akamgeukia. "Msichana mpya anafika thelathini huku anapiga soga. Wewe, mama, unakula vizuri kweli?"

"Sahani naimaliza, kocha."

Wakacheka tena. Ni mwenzake wa kitanda cha juu aliyemweleza baadaye. Pale kambini hakuna aliyetamka neno dawa. Aliyechomwa sindano na mkandaji wa misuli alisemwa kuwa anakula vizuri.

Alikataa sindano. Asubuhi moja kocha akamweka msichana mpya mbele, naye akakimbia akitazama mgongo wa mtu, jambo ambalo hakuwahi kulizoea. Baada ya mazoezi akaenda kwa mkandaji.

"Watu wanataka niseme nililazimishwa," anasema. "Nilikwenda kwa miguu yangu. Niliogopa kurudishwa nyumbani."

Dada yake, fundi cherehani aliyemlea, alikuwa akipiga simu kila Jumapili.

"Unakula vizuri huko, mdogo wangu?"

"Nakula vizuri, dada."

Dada akamshukuru Mungu. Katika yote yaliyotokea, hilo ndilo analolisimulia akiwa ameinamisha kichwa.

Kipimo cha mkojo kilimnasa. Kocha alisema hajui lolote. Kamati ya kuzuia dawa michezoni ikamfungia miaka minne, ikaahidi kumpunguzia akieleza alikopata sindano. Alinyamaza miezi mingi, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kikichomwa na mkono uleule.

"Unawaficha marafiki," dada alimwambia juzi, uzi ukiwa mdomoni.

"Nikisema, wote wanafungiwa."

"Na yule mtoto waliyemweka mahali pako? Naye anakula vizuri?"

Asubuhi iliyofuata aliipigia kamati simu. Jumatano ijayo atakwenda kumtaja mkandaji, kocha, na wenzake wote wa chumbani.