Nimetoa gari Sharjah, ushuru nimelipa mpakani, ikaja kufuka moshi kwenye ukaguzi Ibra

Wakuu, amani iwe kwenu. Nina kisa cha gari, kimenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi mzaliwa wa Ibra, Oman, wazazi walitoka Tabora, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha jikoni kwa Mama. Ngeli zikinipiga chenga, nisitirini.

Iko hivi.

Mama kabakiwa na dada mmoja tu, Bi Zuwena, yuko Tabora. Mama aliletwa Oman akiwa bibi harusi, na tangu hapo hawajaonana uso kwa uso. Simu tu. Mwaka huu Bi Zuwena akapata visa ya kuja kututembelea.

Sasa nyumbani hatukuwa na gari. Harusi Sur, msiba Nizwa, hospitali, yote ni kumgongea jirani. Majirani zetu watu wazuri, hawajatunyima hata siku moja. Lakini Mama alikuwa na neno lake, kalirudia mpaka tumelihifadhi: "Dada yangu sitampokea kwa gari ya kuomba."

Basi nikajipinda.

Muscat bei zilinitisha. Rafiki akaniambia nijaribu Sharjah, ng'ambo ya mpaka, na kweli nikapata gari ya familia, nyeupe, AC inagandisha meno.

Kwa mnaofikiria njia hii: ukishanunua, usajili wa kule unafutwa, unapewa karatasi ya export, namba za muda na bima ya muda. Mpakani unalipa ushuru wa forodha na VAT, na thamani wanakadiria wao, sio wewe. Mimi nilitoa risiti yangu kwa tabasamu. Ofisa naye akatabasamu, akaandika ya kwake. Nililipa roho inaniuma, ila nilivuka nikiwa mtu huru, sina wa kumkwepa.

Ukifika nyumbani kuna ukaguzi, halafu bima, halafu mulkiya, yaani kadi ya gari, ndio unapewa namba za Oman.

Katika kukimbizana na makaratasi, ukaguzi wangu ukaangukia Alhamisi. Siku hiyo hiyo ndege ya Bi Zuwena inatua alasiri, na namba za muda zinaisha. Ijumaa na Jumamosi ofisi zimefungwa. Nikikwama, gari inalala uani na Mama anarudi kwenye mlango wa jirani.

Asubuhi namkuta Mama uani na chetezo mkononi, ubani unafuka. Mnajua nyumba zetu, kitu kipya hakipokewi bila kufukizwa. Kafukiza viti, kafukiza buti, kanifukiza mimi na kanzu yangu. Mwisho akaniambia nimfungulie na boneti. Nikamfungulia, nikaingia ndani kunywa chai.

Hapo kwenye chai pakumbukeni.

Kwenye ukaguzi mambo yalianza vizuri. Taa sawa, breki sawa, matairi sawa. Mkaguzi alikuwa kijana wa Kiomani, mpole, mpaka nikaanza kujisifu moyoni kwamba nina jicho la kununua gari.

Akafungua boneti.

Wakuu, moshi! Mweupe, mwembamba, unapanda polepole pembeni ya injini. Akainama kidogo, akakunja uso, akafunga. Akaniambia kuna kitu kinaungua humo, labda oil inavuja, nipeleke gereji nirudi Jumapili.

Yule muuzaji wa Sharjah nilimtukana moyoni matusi ya lugha tatu. Nikakaa kwenye ukuta nje, nikampigia Mama kumwambia gari imekataliwa, amwombe jirani, basi, Mungu hakupenda.

Nikajua analia. Kumbe anafikiri.

"Moshi unatoka kwenye lile bomba nene?" akauliza.

Nikashtuka. Mama huyu hajui hata mafuta yanaingilia wapi. Nikamuuliza kajuaje.

"Ndipo nilipouweka ubani," akasema. "Husuda ya gari inaanzia kwenye injini."

Subhanallah! Mwanamke kachukua vipande vya ubani, kavipanga juu ya bomba la exhaust, injini ikipata moto vinayeyuka vinafuka. Na mimi harufu sikuisikia, maana tangu asubuhi nanukia hivyo hivyo mwenyewe.

Nikarudi kwa mkaguzi na aibu yangu, nikamweleza. Akafungua tena, safari hii akaweka pua. Alicheka akashikilia gari asianguke, akawaita na wenzake waje wanuse. Akasema mama yake huko Samail anauficha chini ya kiti, ila wa kwenye injini ndio kwanza anauona. Tukasubiri ipoe, tukaukwangua kwa bisibisi, ikawashwa upya. Hakuna moshi. Ikapita.

Bima, mulkiya, namba mpya, mbio nyumbani. Mama yuko getini na abaya yake, hataki hata niingie ndani. Mpaka tunaipita Fanja, njia ya Muscat, yeye ni tasbihi tu.

Airport walishikana nyuso, wakuu. Sio mikono, nyuso. Kila mmoja anamtafuta mwenzake kwenye makunyanzi. Nikampa Bi Zuwena shikamoo, nadhani hata hakunisikia.

Wakakaa nyuma wote wawili. Nikawasha gari, nikafungulia AC. Bi Zuwena akavuta pumzi, akavuta tena.

"Salma," akamwambia Mama, "gari hii inanukia kama chumbani kwa mama yetu."

Mama akaangua kilio, kilio kikageuka kicheko, akaanza kuhadithia ya ukaguzi. Aliihadithia mpaka Ibra, na kila akirudia mimi nazidi kuwa mjinga. Sijawahi kuendesha gari na furaha kama ile maishani.

Nilichojifunza: ushuru lipa wote, risiti tunza, usipange siku kwa kubana. Na kama una mama, funua boneti kabla ya mkaguzi.

Waliopitisha gari mpakani leteni yenu, na wenye mama wa chetezo jitajeni, msiniache peke yangu.

Washkaji wananiambia niioshe injini, maana mabaki bado yananukia kila ikipata moto. Siioshi. Bi Zuwena bado yupo, na kila jioni anaomba tumtembeze kidogo, vioo vikiwa vimefungwa.