Damu ya Mama Mkwe

Qiongfen aliinjika chungu kabla jogoo hajawika: miguu ya nguruwe na mizizi myeusi ya mlimani. Baridi ikiingia, watu wa milima hii ya Yunnan huila mizizi hiyo kupasha mifupa moto, na kila mwanamke anajua sharti lake. Ikichemka kutwa ni dawa. Isipoiva ni jeneza. Mchuzi ukipungua, huongezwa maji yanayotokota. Maji baridi yakiingia, upishi umevunjika.

Mchana alikwenda kulisha nguruwe, akamwachia mumewe, Kaixing, jiko na birika lililojaa maji yanayotokota.

"Umeongeza maji?" alimuuliza aliporudi.

"Nimeongeza."

"Ya birika?"

"Sasa ya mtoni? Umekuwa polisi?"

Akamwamini.

Jioni mama mkwe alipewa bakuli la kwanza, kwa heshima yake. "Ulimi umekufa ganzi," alisema akicheka. "Leo mtapumzika kutukanwa." Wengine walikuwa hawajamaliza kupakuliwa alipoanguka. Alikata roho njiani kwenda hospitali.

Siku ya matanga Qiongfen alinyanyua birika awachemshie wageni chai. Lilikuwa limejaa pomoni, vilevile alivyoliacha.

Alimwita Kaixing uani. "Ulitia maji baridi ya mtungi."

"Mama yangu amekufa, nawe unaniletea habari za mtungi?"

Wifi yake, Lianxiu, alikuwa mlangoni. "Muache kaka yangu, wifi. Ulimchukia mama tangu ulipoolewa. Haya, roho yako imetua?"

Damu ya marehemu ilikuwa imepelekwa mjini kupimwa. Qiongfen alishika tumaini hilo kama mtu ashikaye jani akizama. Mashine haina ukoo, alijiambia, wala haina kaka wa kumficha. Itasema.

Ikasema. Daktari aliwaita wote watatu, akawaeleza polepole. Sumu ya mizizi imeonekana. Mizizi ikiiva, sumu yake hugeuka kuwa kitu kingine, dhaifu. Katika damu hii haikugeuka.

"Haikuiva," alisema. "Alipika nani?"

Lianxiu alimtazama wifi yake.

"Mume wangu," Qiongfen alimwambia mumewe, "mwambie daktari habari ya birika."

Kaixing alikuwa akitazama viatu vyake. "Birika gani?"

"Daktari, hiyo mashine haiwezi kujua maji yalikuwa baridi? Nani aliyeyatia?"

"Hapana, mama. Damu haisemi hayo."

Polisi waliandika ajali, wakamwacha aende nyumbani. Kijiji hakikumwachia. Nguruwe walipochinjwa kwa mwaka mpya, hakuna aliyemwita kusaidia jikoni. Alipokwenda mwenyewe, wanawake walimpokonya kisu kwa upole na kumkalisha mbali na mafiga.

Jioni hiyo alipika wali na mboga, akaandaa vibakuli viwili. Lianxiu akaingia bila hodi na bakuli lililofunikwa, akaliweka mbele ya kaka yake.

"Kula hiki, kaka. Hiki nimepika mimi."

Kaixing alilifunua, akala, akimpa mkewe mgongo.