Riwaya Iliyonukia Mawese

Enzi zetu, na ninyi wa rika langu mliokulia Rumonge, huko Burundi kando ya ziwa, miaka ya vita ni mashahidi, riwaya tuliilamba kwanza ndipo tukaisoma. Unanunua mihogo ya kukaanga, unaitafuna huku unatembea, unalamba mafuta, kisha unaanza kusoma karatasi ilimofungiwa. Mawese yalikuwa yameufanya ukurasa mwekundu na laini, mwanga ukipenya, hata ukiuinua juani maneno ya nyuma yanakuja mbele kukusalimu. Kifaransa changu cha kwanza kilikuwa na chumvi.

Karatasi hizo zilitoka kwa Mama Zaina, jirani yetu, aliyekaanga mihogo kila siku, na ndagala siku ambazo mitumbwi iliruhusiwa kutoka. Vita vilikuwa vimefunga shule fulani, vitabu vyake vikaishia sokoni vikiuzwa kama karatasi tu, bila majalada, kurasa zimevurugwa ndani ya gunia. Mama Zaina alitwaa rundo akalitundika kwenye msumari wa nguzo ya kibanda chake. Mteja akija, anavuta karatasi moja, prrr, na kipande cha juu kinabaki msumarini. Kipande hicho ndicho kilichokuwa na jina la kitabu na namba ya ukurasa. Sisi tulipata hadithi isiyo na kichwa.

Aliyegundua utajiri huo ni dada yangu Riziki. Alikuwa ameonja sekondari kabla shule hazijafungwa, na Kifaransa chake kilitembea bila fimbo. Siku moja alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma karatasi yake mpaka mihogo ikapoa.

"Humu ndani iko Kapteni mmoja," akatuambia. "Anasafiri baharini, na mbwa wake anaogopa maji."

Kesho yake karatasi nyingine ikamleta Madame mmoja anayekaa dirishani, nje theluji, ndani mama mkwe anamsema. Riziki hakuhitaji kufikiri. "Anamungojea Kapteni." Nani angebisha? Mwanaume yuko majini, mwanamke yuko dirishani. Sisi watu wa ziwa tuliijua hesabu hiyo.

Basi mtaa mzima ukapagawa. Mpira wetu wa matambara ukaota ukungu. Watu walinunua mihogo wakiwa wameshiba, na aliyepata karatasi yenye Kapteni alitembea kifua mbele kama amevua mukeke wa kilo tatu. Kila alasiri, kabla ya saa ya amri ya kubaki ndani, tulikusanyika kibandani na Riziki akatugeuzia yote kwa Kiswahili chetu. Yule mama mkwe, Riziki alimpa sauti ya shangazi yetu wa Kigwena, tukaanguka chini kwa kicheko. Mzee mmoja mshona nyavu aliipinga theluji mpaka mwisho. "Maji yaanguke yakiwa unga? Huyo aliyeandika alikuwa na homa." Milimani bunduki zinazungumza, na mama yetu anaita kutoka mlangoni, "Ninyi watoto, risasi haimungoji Kapteni!" Nasi tunaomba ukurasa mmoja tu, mama, mmoja wa mwisho.

Mama Zaina hakucheka sana. Mumewe alikuwa amevuka ziwa na bidhaa kwenda upande wa Kigoma, mapigano yakaanza nyuma yake, njia ya maji ikafungwa, na hakuna aliyeleta habari zake tena. Kumtaja, hakumtaja. Ila kila alasiri, akigeuza mihogo, aliuliza kama mtu anayeuliza kama chumvi ipo:

"Kapteni ameshafika?"

"Bado, Mama Zaina. Iko njiani."

"Haya."

Halafu ikaja ile karatasi. Niliipokea mimi na mihogo yangu, nikampa Riziki kwa furaha yote. Akaanza: dhoruba, mlingoti umevunjika, mbwa analia, Kapteni anateremka na maji yanafunga juu ya kichwa chake. Hapo akainua macho kutoka kwenye karatasi. Mwiko wa Mama Zaina ulikuwa umesimama ndani ya mafuta. Mihogo ikaanza kuungua, na katika watu wote wale wenye njaa hakuna aliyesema inaungua.

Riziki akaikunja karatasi. "Hii ni ya mwanzo," akasema.

"Ya mwanzo namna gani?" akauliza mzee wa nyavu.

"Alizama mwanzoni. Kwa nini mulifikiri mbwa anaogopa maji? Zile zote tulizosoma ni za nyuma ya hii."

"Na alitokaje?"

"Aliogelea. Kwani wewe ukizama, unabaki huko?"

"Mimi nabaki."

"Ndiyo maana hakuna anayekuandika kwenye buku, mzee."

Tukacheka kuliko kichekesho chenyewe kilivyostahili. Mama Zaina akaopoa mihogo iliyoungua. "Kwa hiyo iko njiani," akasema. "Iko njiani, Mama," akajibu Riziki.

Na kweli, mvua zilipokatika, basi dogo kutoka Nyanza-Lac lilimteremsha mtu mwembamba mwenye ndevu, amevaa koti la kike lisilo na vifungo. Mama Zaina aliuacha mwiko, akaacha na viatu. Sisi tulikimbia mtaa mzima tukipiga kelele kwamba Kapteni amefika. Mpaka anazeeka Baba Zaina aliitwa Kapteni, na hakuwahi kuuliza sababu. Alilipenda jina, akaanza hata kutembea kikapteni.

Mimi baadaye nilishikwa na miguu: Uvira, Kigoma, Mpulungu, kila mahali nikitafuta kazi na kuichoka. Majuzi mvua ilinikamata Kabezi kwa mtoto wa dada, mega za intaneti zimo kwenye simu, nikakumbuka sentensi moja ya mbwa yule, bado ina chumvi. Nikaiandika humo kuitafuta. Kitabu kizima kikatokea, bure, pamoja na maelfu ya vitabu vya wazee waliokufa zamani. Nilitaka kuilamba simu. Nikamtafuta na Madame, naye nikampata. Lakini katika kitabu kingine! Kiliandikwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine. Kapteni hakuwa na mke. Madame pale dirishani alimngojea muuza makaa. Nilicheka mpaka kijana wa dada akaja kuangalia mjomba wake ana nini. "Tonton, hiyo iko na video?" Nikamwambia haina. "Basi kuna kifupi chake?" Watoto wa leo, mihogo wanataka iliyotafunwa.

Nilisoma mpaka mwisho. Karatasi ile ya kuzama ilikuwa ya pili kutoka mwisho.

Nikampigia Mama Zaina. Siku hizi anaishi kwa binti yake huko huko Rumonge, na Kapteni wake tulishamzika. Baada ya amahoro nyingi za kusalimiana nikamweleza juu ya vitabu viwili. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi sisi ndio tuliwaozesha!" Kisha nikaanza kusita, na yeye akasikia.

"Na ile ya kuzama unaogopa kunisomea?"

"Mama..."

"Mutoto wangu, musumari ulikuwa wa nani? Namba zilibaki kwangu. Kifaransa sijui, lakini namba najua. Siku ile mulipoenda, niliangalia. Ilikuwa kubwa kuliko zote."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa ninataka kudanganywa. Riziki alinidanganya vizuri, nikaweza kukaanga mpaka kesho yake. Umwambie asante, murakoze."

Sasa vitabu vyote viwili ninavyo mfukoni, kamili, safi, kila ukurasa na namba yake, na chini kabisa simu inanihesabia nimebakiza kiasi gani. Ninasoma peke yangu, vidole vikavu. Na Kapteni kila mara anazama pale pale alipoandikiwa, kwa sababu simu haina msumari.