Fomu Tulizokataa Kusaini

Kwa miaka kumi na mmoja nililima mboga Wembley, nyuma ya reli, kwenye ardhi ambayo sikujua ni ya nani. Nilidhani ni ya baraza la mtaa, kwa kuwa barua za baraza ndizo zilizonijia kila mwaka zikinikumbusha nifyeke majani na nisichome takataka. Eneo lenyewe lilikuwa limekatwa vipande vyembamba, kila kimoja na kibanda chake cha mbao na pipa la maji ya mvua, na mkazi wa mtaa alikodishiwa kimoja apande anachokitaka. Waingereza wana jina lao la mahali kama hapo. Sisi tulipaita shamba, ingawa kipande changu nilikimaliza kwa hatua ishirini, na hatua zangu si ndefu.

Jirani yangu wa upande wa kushoto alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake kilikishinda changu, na hakuacha kunikumbusha. Mimi nimetoka Molo, nimekulia katika Kiswahili cha shuleni na cha sokoni, na nikisema dania yeye anasema kotmiri, kisha ananitazama kama mwalimu anayesubiri mtoto ajirekebishe. Alipanda bilingani, uwatu na pilipili. Mimi nilipanda sukuma wiki, dania na terere, ambayo yeye aliita mchicha. Jumamosi tulibadilishana, na kila mmoja aliamini kwamba amempunja mwenzake.

Mkewe alipofariki, mzee aliendelea kuja. Alihamia Harrow, mtaa wa jirani, kwa mwanawe, akapanda basi mwenyewe akiwa na miaka themanini na tatu, magoti yakimuuma. Siku moja mwanawe alikuja kumchukua kwa gari, akanivuta kando akaniambia kwamba siku ambazo baba yake haji shambani hatoki chumbani. Anakaa kitandani na soksi zake mpaka jioni. Mimi kazi yangu ni kulea wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nimewaona wengi wanaoanza hivyo, na wachache sana wanaorudi katika hali yao.

Basi msimu wa majani kupukutika tukakuta tangazo langoni, limefunikwa plastiki lisilowe. Shamba lilitakiwa kwa ajili ya nyumba. Tulilisoma tumesimama na ndoo mikononi, kisha tukafanya kile ambacho watu wetu hufanya kabla ya kufikiri: tukaunda kamati. Tulikuwa wenye vipande ishirini na mmoja, wengi wetu Wakenya na Watanzania. Tulichagua mwenyekiti, makamu wake, katibu na mweka hazina, japokuwa hazina haikuwepo. Mzee wa Tanga alipewa cheo cha mlezi. Ukatibu nikaangushiwa mimi, kwa sababu nasoma barua mpaka mwisho. Ndivyo walivyosema, na wakati huo mimi pia niliamini.

Uchaguzi wa madiwani ulikuwa unakaribia, na sisi tulikuwa na kura. Jambo hili huwashangaza ndugu zetu nyumbani. Kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola, mtu anayeishi huku kihalali anaweza kuwapigia kura Waingereza hata kama pasipoti yake bado ni ya Kenya. Kwa miaka mingi sikuitumia haki hiyo. Nilipita karibu na kituo cha kupigia kura nikienda zamu, nikaona foleni fupi isiyo na askari wala kelele, nikadhani ni zahanati.

Tulimwalika mgombea mmoja shambani. Alikuja na buti safi. Tulimketisha kwenye kiti cha mzee, ambacho peke yake ndicho kilichokuwa na mgongo, tukampa chai ya tangawizi na bhajia, na mwenyekiti wetu akamwambia waziwazi kwamba hapa kura ni kapu moja: familia ishirini na moja, makanisa mawili, msikiti mmoja, na jamaa wa Hounslow wenye binamu zao huku. Yule mgombea aliandika kwenye daftari. Akasema tukimchagua atasimama nasi mpaka mwisho. Mzee alimuuliza mwisho uko wapi, na watu wakacheka, naye mgombea akacheka pia, nadhani kwa adabu.

Siku ya kura nilimsindikiza mzee, ambaye jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la wapiga kura la Wembley. Alipotoka alikitazama kidole chake, akaniuliza mbona hawakumpaka wino. Nilimwambia huku hawapaki. Akasema basi mtu atajuaje kama amepiga. Nilimcheka, lakini hata mimi nilitoka mle ndani nikiwa na mashaka, kana kwamba nimeacha kitu dukani bila risiti.

Mgombea wetu alishinda, tena kwa kura chache. Hakuna aliyeweza kututoa akilini kwamba ni sisi tuliomwingiza. Jumamosi ile nilileta chapati, na tulikula tumeketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukijadili nani apande nini mwaka ujao.

Baada ya wiki sita diwani alirudi na buti zilezile. Hakutaka kukaa. Alieleza kwamba amechimba faili na amegundua kuwa ardhi si ya baraza. Ni mali ya wizara moja ya serikali kuu, baraza lilikuwa limeazimwa tu, na sasa mwenyewe anataka kitu chake. Yeye hana kauli. Kama katibu nilimwandikia mbunge, maana mbunge ndiye anayekaa karibu na mawaziri. Mbunge alijibu kwa heshima kwamba masuala ya mashamba ya mtaa yako chini ya baraza, na akanishauri nimwone diwani wangu. Niliandika tena wizarani. Wizara ilinijibu kwamba maoni ya wakazi hupokewa kupitia baraza.

Nilikasirika. Hili naliandika wazi kwa sababu wenzangu hunikumbuka kama mtu mtulivu katika mambo yale, na sikuwa mtulivu. Nilikuwa nimewapeleka watu kupiga kura, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya Uingereza, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa na ufunguo wa lango. Aliyekuwa na ufunguo hatukuwahi kumwona uso, na karatasi ya kura ya siku ile haikuwa na jina lake.

Labda nilipaswa kushangaa, lakini hali ile niliijua vizuri. Sisi kwetu tulilima ukingoni mwa msitu wa serikali. Kila uchaguzi tuliahidiwa hati za ardhi, na kila baada ya uchaguzi tuliambiwa kwamba msitu si wa waliotuahidi, ni wa wakubwa wa Nairobi. Halafu walikuja maofisa na orodha, wakiwa na karatasi ya kusaini ili mtu apewe ardhi mbadala mahali pengine. Waliosaini walipakiwa kwenye malori. Wengine walionyeshwa mawe, wengine hawakuonyeshwa kitu, na walipolalamika walionyeshwa saini zao. Baba yangu hakusaini. Alikaa palepale, akazeeka palepale, akazikwa palepale. Sikumbuki akinifundisha mambo mengi ya dunia, lakini hilo alinifundisha.

Mwezi wa Julai fomu zilikuja, moja kwa kila kipande. Nilifungua yangu jikoni. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mimi, mtajwa hapo juu, nakubali kurejesha kipande changu kabla ya tarehe fulani. Sikuhitaji mstari wa pili. Binti yangu aliichukua akaisoma akiwa amesimama, akaniambia kwa Kiingereza, lugha anayonijibia tangu ajue kusema, kwamba ni fomu tu, na kwamba kuna ukurasa wa nyuma. Nilimwambia kuna mambo ambayo mtu aliyezaliwa hospitali ya hapa hawezi kuyaelewa. Aliniwekea fomu mezani.

Jumamosi nilisimama juu ya kreti, jambo ambalo sijalifanya kabla wala baada, nikawaambia watu maneno machache.

“Ukisaini, umekubali. Asisaini mtu hapa.”

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Kila mtu pale alikuwa ametoka mahali ambapo jambo hilo linajulikana, na nyuso zao ziliniitikia kabla midomo haijafunguka. Mzee wa Tanga alikuwa kwenye kiti chake. Alikunja fomu mara nne, akanipa, akarudi kumwagilia bilingani. Nilikusanya fomu kumi na tisa. Watu wawili walisema zao zimepotea. Nikazitia zote kwenye bahasha ya kaki, nikaambatisha barua ya kukataa, nikazipeleka mwenyewe ofisi za baraza na kudai zigongwe muhuri. Nilirudi kwa treni nimekaa wima. Sikumbuki lini tena nimejisikia fahari namna ile katika nchi hii.

Septemba walizungusha uzio. Tulipewa siku kumi za kutoa vifaa vyetu. Nilikwenda ofisini kuuliza kuhusu ardhi mbadala, maana nilijua sasa tumefika kwenye mazungumzo, na sisi hatujatoa hata saini moja. Mhudumu alikuwa msichana mpole, pengine wa umri wa binti yangu. Alitoa fomu kutoka kwenye bahasha yangu mwenyewe, akaigeuza, akanionyesha ukurasa wa pili kwa kalamu yake. Ile ndiyo ilikuwa fomu ya kuomba kipande kingine. Vipande vilikuwepo, Harrow na Hounslow, vimetengwa kwa ajili yetu, mwenye kusaini kabla ya mwisho wa Julai apewe bila foleni. Asiyesaini alihesabiwa kuwa hataki. Wawili walisaini kwa posta na walishakabidhiwa. Vingine walipewa watu waliokuwa kwenye foleni.

Niliuliza kama zile fomu zinaweza kufunguliwa tena. Haziwezi. Niliuliza kama inaweza kufunguliwa moja tu, ya mtu wa miaka themanini na tatu, aliye Harrow, karibu kabisa na vipande hivyo. Alienda kumuuliza mkubwa wake, akakaa huko kitambo, akarudi akasema pole. Angeweza kumwandikisha kwenye foleni ya kawaida, ambayo ni ya miaka. Naamini pole yake ilikuwa ya kweli. Aliniuliza kama nataka maji.

Wenzangu niliwaandikia ujumbe mmoja kwenye kikundi chetu cha simu. Niliandika kwamba kosa ni langu na si la mwenyekiti. Wengine walinijibu kwa upole, wengine hawakujibu, mmoja aliondoka kwenye kikundi. Kumi na saba niliweza kuwakabili kwa njia hiyo. Kwa mzee sikuweza kutuma ujumbe. Nilipanda basi kwenda Harrow siku yangu ya mapumziko, na njiani nilijikuta naomba asiwe nyumbani, ilhali nilijua hana pengine pa kwenda.

Mwanawe alinifungulia akanionyesha chumba cha mbele. Mzee alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amevaa soksi, saa nane mchana. Alifurahi kuniona. Akaniuliza habari za kotmiri yangu, akitamka neno lile polepole kwa faida yangu. Nilikaa, na bila kunywa chai niliyoletewa nikamweleza yote: ukurasa wa pili, vipande vya Harrow, wale wawili, foleni. Nilimwambia kwamba kuna kipande kilichokuwa chake, dakika chache kutoka hapo alipoketi, na kwamba amekikosa kwa sababu yangu.

“Mimi ndiye niliyekwambia usisaini, mzee. Naomba unisamehe.”

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitikisa kichwa, si kwa hasira, akaniambia kwamba najipa cheo kisichokuwa changu. Ile fomu aliisoma nyumbani, kurasa zote mbili, jioni ileile ilipofika. Alijua vizuri inachosema. Mwanawe alimletea kalamu na akamshikia mahali pa kutia saini, na mkono ulikataa.

Nikamuuliza kwa nini, wakati alijua. Halafu akaniambia habari ambayo katika miaka kumi na mmoja ya kubadilishana mboga hakuwa amenigusia.

“Tulikuwa na nyumba Tanga, dada, duka chini, sisi tunakaa juu. Serikali ilipotaifisha majumba walikuja watu wawili na karatasi, wakamwambia baba asaini, atalipwa fidia, ambayo hatujaiona mpaka leo. Baba hakutaka. Alikaa pale kaunta asubuhi nzima, hataki. Mimi nikamwambia, baba, hii ni karatasi tu, saini tuepukane na balaa. Akaniangalia, akaniomba kalamu. Nikampa.”